Kiharusi kinapoondoka na maneno: namna ya kumsaidia mgonjwa kuyapata tena

Na mwandishi wetu, Bunda

Simu za wasikilizaji katika kipindi chetu cha afya huwa nyingi, lakini moja iliyotoka kata ya Mugeta, wilayani Bunda, ilitufanya tufunge safari. Mama aliyepiga hakuuliza habari za dawa. Aliuliza hivi: "Mwanangu, mtu akisema ndiyo huku machozi yanamtoka, hiyo ni ndiyo kweli?"

Mume wake, mzee wa miaka 60 na ushei, alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Mkono na mguu wa kulia vilipooza, baadaye vikaanza kurudi taratibu, na sasa anatembea kwa fimbo. Maneno hayakurudi. Akisalimiwa anaitikia vizuri. Akikasirika anatukana vizuri zaidi, mama mwenyewe alituambia huku anacheka. Lakini akitaka maji atasema "ile... ile... ng'ombe," kisha anapiga paja kwa hasira, kwa sababu anasikia kabisa kwamba neno lililotoka silo. Swali lolote analoulizwa anajibu "ndiyo".

Familia ilikaa kikao kuhusu kuuza maksai wawili ili kulipia nauli na matibabu. Walimwuliza baba, akasema ndiyo. Usiku akalia. Baadhi ya ndugu walikwisha kuamua kwamba akili imeondoka na hakuna haja ya kumshirikisha tena.

Akili haikuondoka. Kilichompata mzee huyu kinaitwa afasia, na katika makala haya tunaeleza afasia ni nini, mazoezi ya kutafuta maneno yanafanyikaje, na kwa nini mazoezi hayo yanapaswa kuanza na maneno ya nyumbani kwa mgonjwa mwenyewe.

Ugonjwa wa lugha

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba au kwa sababu umepasuka. Kwa watu wengi lugha hushughulikiwa zaidi na upande wa kushoto wa ubongo, upande huohuo unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mara nyingi anayepooza kulia ndiye anayepoteza na maneno. Inakadiriwa kuwa takriban theluthi moja ya watu wanaopata kiharusi hupata afasia.

Na kiharusi si ugonjwa wa mbali. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika jiji la Dar es Salaam, ulikuta kwamba kwa kila watu 100,000 walipatikana wagonjwa wapya wa kiharusi 108.6 kwa mwaka huko Hai na 315.9 Dar es Salaam, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa juu kuliko cha nchi nyingi tajiri.

Afasia isichanganywe na ulimi mzito. Mwenye ulimi mzito analijua neno na amelichagua sawasawa, ila misuli ya mdomo haimtii, hivyo maneno yanatoka kama ya mtu aliyelewa. Mwenye afasia anaweza kuwa na ulimi mwepesi kabisa na neno lisije. Anaweza pia kupata shida ya kuelewa anachoambiwa, kusoma, kuandika na kutaja namba, na hapo hata namba ya siri ya simu ya kutuma fedha inakuwa kikwazo. Wapo wenye vyote viwili.

Wasomaji wanaofuatilia filamu watakumbuka kwamba mwaka 2022 familia ya mwigizaji Bruce Willis ilitangaza kuwa ana afasia. Yake haikutokana na kiharusi. Mwaka uliofuata familia ilieleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaoendelea kuongezeka. Afasia ya kiharusi ni tofauti: pigo linatua siku moja, na baada ya hapo njia ya kawaida ni kupata nafuu, iwe kubwa au ndogo.

Wataalamu wameijua hali hii kwa zaidi ya miaka 160. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye alikuwa amekaa hospitali ya Bicêtre karibu na Paris kwa miaka 21. Kila alipotaka kusema jambo lilitoka neno moja tu, "tan", mara nyingi akilirudia mara mbili. Watu wakamwita Tan. Alikuwa akielewa mengi anayoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, mbele. Tunapomsikia mzee wa Mugeta akijibu "ndiyo" tunamkumbuka Leborgne, kwa sababu neno moja linalotoka lenyewe linaweza kumfanya mtu aonekane amekubali mambo ambayo hajayakubali.

Neno linapotea wapi?

Mtu mzima mwenye afya hatambui kazi inayofanyika kichwani anapotaja jina la kitu. Tuseme ameliona jembe. Kwanza anapata maana: kifaa, cha kulimia, kina mpini. Kisha anapata neno lenyewe. Mwisho anapanga sauti zake, je-mbe, na kuzituma mdomoni. Kiharusi kinaweza kukata njia katika hatua yoyote, na makosa ya mgonjwa yanaonyesha palipokatika. Anayesema "shoka" badala ya "jembe" amefika kwenye jirani wa maana. Anayesema "jebe" au "dembe" amelipata neno, sauti ndizo zimevurugika. Na yupo anayenyamaza, ila ukimwanzia "je..." anamalizia palepale. Huyo neno lake lipo, mlango wake ndio umegoma.

Kwa hiyo mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha haanzi na kumfundisha mgonjwa maneno kama mtoto wa chekechea. Anaanza na uchunguzi: anaelewa neno akilisikia? Anaweza kulirudia? Herufi ya kwanza inamsaidia?

Hata hapo pana mtego. Kuna kipimo maarufu cha Marekani chenye picha 60 ambazo mgonjwa anatakiwa azitaje majina. Miongoni mwake zimo nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini ya mbali, kinubi, na mnyama wa mtoni ambaye Mara hayupo. Mkulima wa Mugeta akishindwa kuzitaja, hajashindwa kwa sababu ya kiharusi. Mpe picha ya jembe la kukokotwa na maksai, sato, dagaa, pamba, au tembo anayeshuka kutoka Serengeti usiku kula mtama, ndipo utajua kilichobaki na kilichokwama.

Mazoezi yenyewe

Njia iliyochunguzwa sana ni ya kulizungukia neno kwa maana yake. Picha ya kitu inawekwa katikati ya karatasi, na pembeni yanaandikwa au kuulizwa maswali: kiko kundi gani? Kinafanya kazi gani? Kinapatikana wapi? Kikoje? Kinakukumbusha nini? Kwa jembe, mgonjwa anaweza kusema "shamba", "mvua", "mama". Kila jibu linatikisa mtandao wa maana ambamo neno limenasa, na mara nyingi neno lenyewe hujitokeza. Lisipojitokeza, msaidizi analitaja na mgonjwa analirudia. Kuna faida nyingine: mtu akizoea maswali hayo, siku akikwama dukani ataweza kukizunguka kitu kwa maelezo hadi muuzaji aelewe.

Njia ya pili inapitia sauti. Neno linaanza na sauti gani? Lina silabi ngapi? Lipigie makofi. Linafanana na neno gani mwishoni? Kiswahili kinarahisisha hapa kuliko Kiingereza, maana silabi zake ziko wazi na mkazo unajulikana ulipo. Ki-ko-mbe, makofi matatu.

Lakini tutoe angalizo kama watu tunaoishi kwa kutamka. Vitabu vingi vya mazoezi haya vimeandikwa kwa Kiingereza, na vinashauri umpe mgonjwa sauti ya kwanza. Ukifanya hivyo kwa Kiswahili bila kufikiri, hujampa kitu kikubwa. "Ki..." ni kikombe, ni kisu, kiti, kitanda, kijiko, kibuyu. "Mk..." ni mkono, mkeka, mkia, mkuki. Kichwa cha neno la Kiswahili mara nyingi ni alama ya ngeli tu, na neno lenyewe linaanza nyuma yake. Hivyo kwa maneno ya namna hii msaidizi asogee mbele: "kiko...", "mke...". Kwa maneno kama jembe au dagaa, sauti ya kwanza inatosha. Ngeli nayo itumike kwa faida. Ukishika kikombe ukauliza "hiki ni cha nani, hiki ki...?" umeshampunguzia mgonjwa maneno mengi ya kuchagua. Sentensi inayoachwa ikining'inia husaidia zaidi: "Nimimine chai kwenye..."

Njia ya tatu inaanza na kitendo. Mtafiti wa Marekani, Lisa Edmonds, na wenzake walieleza mwaka 2009 mazoezi ambayo mgonjwa anapewa kitenzi kama "kulima" na kuulizwa: nani analima? Analima nini? Mama, mhogo. Kijana, pamba. Kisha: wapi, lini, kwa nini? Katika tafiti ndogo zilizofanywa, baadhi ya wagonjwa waliongeza hata maneno ambayo hayakufanyiwa mazoezi, jambo ambalo katika tiba ya afasia ni adimu.

Je, mgonjwa aachwe ahangaike mpaka alipate neno mwenyewe, au asaidiwe mapema asikosee? Tafiti za kulinganisha zilikuta matokeo yakikaribiana, na wagonjwa wenyewe wakapendelea njia yenye makosa machache. Tunalitaja hili kwa sababu kwenye nyumba nyingi msaada hugeuka mtihani. Mjukuu anashika kijiko, anauliza "hiki nini, babu?" mara kumi, na babu anatoa jasho. Si vizuri.

Maneno gani?

Hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa kila familia ilishike.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uliowahusisha watu 278 wenye afasia, wote wakiwa wamepita angalau miezi minne tangu kiharusi. Kundi moja lilipewa programu ya kompyuta ya kufanyia mazoezi nyumbani kwa miezi sita, na kila mtu alichagua maneno 100 yenye maana katika maisha yake. Kwa wastani walifanya mazoezi saa 28. Uwezo wao wa kutaja maneno waliyochagua ulipanda kwa asilimia 16.2 zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Hiyo ni habari njema. Habari ya upande wa pili ni kwamba mazungumzo yao ya kawaida hayakubadilika kwa kiasi cha kupimika.

Maana yake ni nini kwa mtu wa Mugeta? Mgonjwa hupata zaidi yale maneno aliyoyafanyia mazoezi. Kama muda wote umetumika kwenye "tufaha" na "treni" za kwenye kadi za picha, atapata tufaha na treni. Basi orodha itengenezwe na mgonjwa pamoja na nyumba yake: majina ya mke na watoto, maji, choo, dawa, maumivu, presha, hapana, bado, zizi, maksai, mhogo, kanisani au msikitini, jina la jirani anayekuja kupiga soga. Picha zipigwe kwa simu hapohapo uani. Na maneno yatoke kwenye picha yaingie kwenye matumizi siku hiyohiyo: neno "maji" lifanyiwe mazoezi, kisha lisemwe pale kikombe cha maji kinapoombwa.

Lipo pia suala la lugha. Kwenye kata kama Mugeta mtu anaweza kuwa na Kiikizu cha mama yake, Kikurya au Kisukuma cha majirani, na Kiswahili cha shule na ofisi. Tangu zamani wataalamu wamebishana ni lugha ipi inarudi kwanza. Katika miaka ya 1880 Mfaransa Théodule Ribot alisema ni ile ya utotoni. Mwaka 1895 mwenzake Albert Pitres akasema ni ile iliyokuwa ikitumika zaidi kabla ya ugonjwa. Wote wawili wamepata wagonjwa wa kuwaunga mkono na wa kuwapinga, na kuna watu ambao lugha zote hurudi sambamba. Kwa familia ushauri ni rahisi: sikilizeni lugha gani inatoka, na fanyeni mazoezi katika lugha ya jikoni kwenu. Asigombezwe kwa kuchanganya. Neno la Kiikizu likija likaeleweka, limefanya kazi yake. Na akienda kliniki, awepo mtu wa kumweleza mtaalamu kwamba huyu mzee anaongea lugha zaidi ya moja, kwa sababu anayepimwa kwa Kiswahili peke yake anaweza kuandikiwa hali mbaya kuliko aliyonayo.

Muda, na nani wa kusaidia

Watafiti waliounganisha takwimu za wagonjwa 959 kutoka majaribio 25, na kuchapisha mwaka 2022, waliona nafuu kubwa zaidi ya lugha kwa waliopata jumla ya saa 20 hadi 50 za tiba. Zilikuwa saa za tiba iliyopangwa na wataalamu, hatuwezi kuzilinganisha moja kwa moja na mazoezi ya nyumbani. Lakini zinatupa kipimo: nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, inafikisha saa 20 katika wiki nane. Mgonjwa akichoka, dakika 15 mara mbili.

Kukimbilia mno mwanzoni hakusaidii. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa 2021 haukuona faida ya ziada kwa kumzidishia mgonjwa mazoezi katika wiki za kwanza. Wala kuchelewa si mwisho. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini utafiti wa Ujerumani wa 2017 uliwachukua watu 158 waliokuwa wamepita miezi sita na zaidi tangu kiharusi, na wiki tatu za mazoezi ya saa 10 au zaidi kwa wiki ziliboresha mawasiliano yao ya kila siku.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha nchini ni wachache mno, na wengi wako kwenye miji mikubwa. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kuwafundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008, na sehemu kubwa ya ukanda wetu bado iko mwanzoni. Kwa wakazi wa Bunda, hatua ya kwanza ni hospitali ya wilaya. Rufaa zinakwenda Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Musoma, au Bugando jijini Mwanza. Ulizeni kwa jina: "Je, kuna mtaalamu wa tiba ya usemi?" Kama hayupo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo au muuguzi anaweza kuwasaidia kupanga mazoezi. Nendeni na ile orodha ya maneno.

Dawa za presha zisiachwe wakati mnashughulikia maneno. Aliyepata kiharusi mara moja yuko karibu na cha pili. Na kwa anayepata leo, uso kupinda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika ghafla, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, si kesho baada ya kumwona mganga.

Nyumbani, mkae mnatazamana. Sentensi fupi, swali moja kwa wakati. Mkiuliza, subirini, hesabuni kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia. Msijifanye mmeelewa. Na hili tunalisema kwa uchungu kidogo: wakati wa mazoezi, zimeni redio.

Tukarudi kwa swali la mama. Tulimweleza kile wataalamu wanachoshauri kwa mgonjwa ambaye "ndiyo" yake haiaminiki: uliza jambo lilelile kwa pande mbili. "Tuuze?" Kisha baada ya muda, "Tusiuze?" Akijibu ndiyo kwa yote mawili, bado hujapata jibu. Mpe vitu vya kuonyesha kwa mkono.

Mtoto wao wa kiume alikwenda zizini akapiga picha nne kwa simu: maksai wawili, ndama, na mbuzi. Alikaa chini mbele ya baba yake, akaonyesha picha moja baada ya nyingine, akauliza ipi iuzwe. Mzee alichukua simu kwa mkono wa kushoto. Alipofika kwa maksai alitikisa kichwa, akasema "ndiyo", akajisikia, akatikisa kichwa tena kwa nguvu zaidi. Kwa mbuzi aliacha kidole juu ya kioo, hakukiondoa. Mkewe akauliza kwa Kiikizu, "Huyu?" Mzee akasema "mbu..." na hapo pakawa na kimya kirefu ambacho hakuna aliyekikatiza.

Wiki iliyofuata mama alitupigia tena. Mbuzi watatu wameuzwa mnadani, maksai bado wako zizini, na orodha ya maneno ukutani imefika 23.